Maandalizi ya Mtoto Kabla ya Kipimo cha Picha: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Same na Milima ya Upare

Kwa familia zinazoishi Chome, Vudee au Mamba, katika Milima ya Upare wilayani Same, kumpeleka mtoto kwenye kipimo kikubwa cha picha ni safari inayoanza kabla ya mapambazuko. Mtoto anayehitaji kipimo kisichopatikana wilayani hupewa rufaa, na njia ya rufaa huelekea Moshi, takriban kilomita 100 kutoka Same mjini, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya Kanda ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Kikombe kimoja cha uji anachonyweshwa mtoto stendi kinaweza kusababisha kipimo hicho kuahirishwa. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya nyumbani na njiani yana uzito sawa na kazi inayofanyika ndani ya chumba cha kipimo.

Aina za vipimo

Vipimo vya picha havifanani. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi. MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa, nayo haina mionzi, lakini huchukua kati ya dakika 20 na 60 na mashine yake hutoa kelele kubwa. Eksirei na CT-Scan hutumia mionzi. Eksirei ya kifua hutoa kiasi kidogo sana cha mionzi, chini ya milisivati 0.1. CT-Scan ya kichwa hutoa takriban milisivati 2, kiasi kinachokaribia wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu hupokea kwa mwaka mzima, yaani milisivati 2.4.

Kiasi hicho hakipaswi kumzuia mzazi kukubali kipimo ambacho daktari ameona ni cha lazima. Hata hivyo, mwili wa mtoto bado unakua na huathirika kwa urahisi zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo ni muhimu kuepuka picha za kurudiwa bila sababu. Mzazi ana haki ya kumuuliza daktari kipimo kitasaidia kujua nini, na iwapo kipo kingine kisicho na mionzi kinachoweza kutoa jibu lilelile. Aidha, abebe picha na majibu ya vipimo vya awali, pamoja na barua ya rufaa na kadi ya kliniki ya mtoto. Nchini, matumizi salama ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Kumweleza mtoto ukweli

Sababu kubwa ya picha ya mtoto kuharibika ni kutikisika, na mtoto hutikisika zaidi anapoogopa. Mtoto mdogo aelezwe siku hiyo au usiku uliotangulia. Mwenye umri wa kwenda shule aelezwe siku chache kabla, apate muda wa kuuliza. Maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa vizuri zaidi, iwe Kiswahili au Kichasu. Aambiwe kwamba atalala juu ya kitanda chembamba, mashine itapiga picha ya ndani ya mwili, na picha yenyewe haiumi. Kelele za MRI zinaweza kufananishwa na za mashine ya kusaga, ambayo watoto wengi wa vijijini wanaijua.

Iwapo kutakuwa na sindano, asidanganywe kwamba haipo. Aelezwe kuwa itauma kidogo kwa muda mfupi. Vilevile, ndugu waache kumtisha kwamba akilia daktari atamchoma sindano. Nyumbani, mtoto anaweza kufanya mazoezi ya kulala bila kujitikisa huku bibi au kaka yake akihesabu polepole.

Kufunga kula kabla ya dawa ya usingizi

Baadhi ya watoto hupewa dawa ya usingizi ili watulie, hasa kwa MRI. Tumbo likiwa na chakula, mtoto anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia kwenye mapafu, jambo linaloweza kuhatarisha maisha yake. Kanuni inayotumika sana ni saa 6 bila chakula chepesi au maziwa yasiyo ya mama, saa 4 bila maziwa ya mama, na saa 2 bila maji. Vyakula vyenye mafuta mengi huhitaji muda mrefu zaidi.

Kwa mfano, mtoto anayetarajiwa kupewa dawa saa nne asubuhi hapaswi kula wala kunywa uji baada ya saa kumi alfajiri. Anyonye kwa mara ya mwisho saa kumi na mbili asubuhi, na maji yakome saa mbili asubuhi. Uji na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Kila anayesafiri na mtoto aelezwe hivyo, asije akampa biskuti kwa huruma. Maelekezo ya hospitali husika yakitofautiana na mfano huu, yafuatwe ya hospitali. Iwapo mtoto amekula, mzazi aseme wazi. Kuahirisha kipimo ni salama kuliko kuficha.

Siku ya kipimo

Mtoto avae nguo nyepesi zisizo na zipu wala vifungo vya chuma. Hereni, pini, bangili, shanga na hirizi zenye chuma ziachwe nyumbani au zivuliwe, kwa kuwa sumaku ya MRI huvuta chuma kwa nguvu. Wahudumu wajulishwe kama mtoto ana kifaa cha chuma mwilini, ana pumu, mzio au ugonjwa wa figo, au ana mafua na homa siku hiyo. Mama mjamzito asibaki ndani ya chumba cha eksirei au CT-Scan. Ndugu mwingine aandamane na mtoto.

Baada ya kipimo

Mtoto aliyepewa dawa ya usingizi asiondolewe hospitalini mpaka wahudumu waruhusu. Aanze kwa maji kidogo, kisha uji. Asipandishwe pikipiki siku hiyo. Katika gari, mtu mzima akae karibu naye na kuhakikisha kichwa hakiinami hadi kuziba njia ya hewa, hasa kwenye kona za milimani. Akipumua kwa shida, akishindwa kuamka, akitapika mfululizo au akivimba uso, apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu.

Kabla ya kuondoka, mzazi aulize majibu yatatolewa lini na nani atayasoma. Picha na majibu vihifadhiwe pakavu, mbali na moto na jua, kwa kuwa daktari atakayemwona mtoto baadaye atavihitaji.