Homoni na Kicheko cha Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana pale Kashasha, Muleba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na hali hiyo. Walicheka, wakalia, wengine wakasema kuna vitu vinatembea kichwani na mtu anawakimbiza. Waliporudishwa makwao, hali ikazuka katika kijiji cha Nshamba, kisha katika shule ya Ramashenye karibu na Bukoba. Wahaya, wenyeji wa huko, waliiita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Madaktari Rankin na Philip walitafuta sumu na maambukizi, wasione kitu.

Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa maneno mawili: homoni za wasichana. Basi tuanze na homoni yenyewe. Ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia kwenye damu na kupeleka agizo kwa viungo vya mbali. Ernest Starling alilitangaza neno hili London mwaka 1905, akilitoa kwenye Kigiriki, lenye maana ya kuchochea. Waandishi wetu wa afya husema pia “vichocheo”. Maana imelingana, ila mkemia naye huita kichocheo kitu kinachoharakisha mmenyuko. Kwa hiyo nashika homoni.

Msichana akibalehe, estrojeni hubadili umbo lake, naye huanza kujitazama upya, hasa kwa macho ya wenzake. Akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli: moyo unadunda, pumzi zinapanda, mikono inatetemeka. Homoni hazimwambii anaogopa nini. Hilo hulisoma kwa walio karibu, na mwenzake wa kitanda cha pili akiwa anacheka na kulia, ni rahisi ajione naye tayari ni mgonjwa.

Lakini balehe ilikuwepo katika kila shule ya Tanganyika, na Nshamba walipatwa watu 217, wa kike na wa kiume. Homoni za wasichana haziwezi kubeba mzigo wote huo. Kuzitaja peke yake ni kuwadharau watoto waliokuwa wakiteseka kweli.

Kwa hiyo, mwalimu, wanafunzi wako wakipatwa na hali kama hii darasani, watoe kwenye umati, wapimwe, kisha kaa nao mmoja mmoja uwaulize wanaogopa nini.