Mombo hadi Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, ila ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000. Mombo unaacha joto, vumbi na wauza machungwa madirishani. Soni unafunga dirisha. Lushoto unatafuta sweta.

Zamani aliyekuwa na shida ndiye aliyepanda. Wakilindi, ukoo wa kifalme, uzao wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu, walikaa Vuga, juu, na Shambaai yote, nchi ya Wasambaa, iliwafuata hukohuko kwa mashauri na kodi. Mmisionari Krapf alipanda 1848 kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Wavumbuzi Burton na Speke wakapanda 1857. Mfalme hakuwa na sababu ya kushuka.

Alipofariki 1862, mizani ikapinduka. Mwanawe Semboja alikuwa na makao Mazinde, chini nyikani, ilikopita misafara ya pembe na watumwa. Bunduki na baruti zilimfikia yeye kwanza, na Vuga haikuwa na cha kumjibu. Mimi naihesabu barabara hii tangu hapo, ingawa hakuna jiwe lililokuwa limepasuliwa.

Wajerumani walikuta hesabu imeshapigwa. Reli ya Tanga iliwafikisha Mombo 1905. Juu, Lushoto, walikuwa na boma lao, wakapaita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao, kwenye baridi iliyowakumbusha kwao. Njia ikapenyezwa korongoni, mlima upande huu, mto upande ule, hadi maporomoko ya Soni. Waingereza wakairithi. Miaka ya 1950 wakawalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta kwenye miteremko, na Wasambaa, waliolima miteremko hiyo kabla ya yeyote kuja na kamba ya kupimia, wakagoma.

Siku hizi bwana wa barabara ni kabichi. Na karoti, na viazi, na mapeasi yakiwa msimuni. Fuso zinapakia jioni, zinashuka kwa gia nzito, honi kila kona, kwa sababu kona nyingine hazipitishi magari mawili makubwa. Masika mawe huporomoka, na mzigo wa Kariakoo ukalala njiani. Gari likisimama mlimani, utingo anaruka na kabari yake ya mti kabla dereva hajamaliza kuvuta breki, anaisukuma chini ya tairi kwa kisigino, anabaki ameikanyaga.

Alfajiri Mombo joto linaanza upya. Ingiza mkono chini ya turubai: kabichi bado lina umande.