Kibla, Mnara na Majina ya Magofu ya Pemba

Magofu ya Pemba yamezoeleka kugawanywa kwa majina ya dola mbili za Asia: ya zamani zaidi huitwa ya Kishirazi, ya baadaye ya Kiomani. Sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kuuliza kama majina hayo yanaeleza jengo, au yanaeleza tu nasaba inayodaiwa na waliolijenga.

Tuanze na Uajemi. Ukoo wa Buwayh, uliotawala Shiraz tangu mwaka 934 hadi 1062, ulikuwa wa Kishia. Lakini Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi. Waajemi walijenga sana kwa matofali, wakapenda kuba na matao mapana. Msikiti wa Ras Mkumbuu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Na katika majengo ya namna hii upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Fundi, basi, alikuwa mwenyeji. Uajemi umetuachia zaidi maneno, kama bandari na Nairuzi.

Kwa Oman mtego ni mwingine. Misikiti ya Waibadhi kwa desturi haikuwa na mnara wala mapambo mengi, na wengine huona kukosekana kwa mnara kuwa alama ya Uibadhi. Lakini misikiti ya kale ya pwani nayo mara nyingi haikuwa na mnara wa kuadhinia, na ule wa Ras Mkumbuu ulijengwa zamani kabla Waomani hawajawatoa Wareno Mombasa mwaka 1698. Nguzo za makaburi ya pale nazo huitwa minara! Neno moja limebeba vitu viwili. Kadhalika kibla: ni upande wa Makka, ambao kwetu ni kaskazini, na pia ni kile kidaka anamosimama imamu.

Twapendekeza mnara ubaki wa adhana, nguzo iwe ya kaburi, na kidaka kiitwe mihrabu. Ama “usanifu wa Kishirazi”, istilahi hiyo inampa mgeni kazi ya mwashi wa Pemba. Iandikwe “usanifu wa Waswahili”.