Jambazi katoka jela, mzigo uko wapi?

Wadau, kwenye muvi tumeshazoea: jambazi anamaliza kifungo, anatoka, askari kanzu anamfuata kimya kimya mpaka kwenye shimo alikofukia hela. Nikiulizwa kwa nini mambo hayaendi hivyo, huwa natoa mfano wa kesi ya Brink's-Mat ya Uingereza.

Novemba 26, 1983, majambazi 6 walivamia ghala la kampuni hiyo karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Walifuata hela taslimu, wakakuta karibu tani 3 za dhahabu! Thamani yake pauni milioni 26. Mlinzi mmoja ndiye aliyewauzia mchongo. Polisi walipombana akawataja, na Desemba 1984 Micky McAvoy na Brian Robinson wakala miaka 25 kila mmoja.

Dhahabu sasa. Haikufukiwa ikawasubiri. Vipande vyenye namba haviuziki kirahisi, kwa hiyo watu wa nje walikuwa wanaiyeyusha, wanaichanganya na shaba ionekane ya chakavu, halafu wanaiuza kama biashara ya kawaida.

Januari 1985, mpelelezi John Fordham alijificha usiku kwenye bustani ya Kenneth Noye, huko Kent, kuchunguza nyendo zake. Akagundulika, akachomwa visu, akafa. Vipande 11 vya dhahabu vikakutwa hapo. Noye alidai alikuwa anajihami, na kesi ya mauaji akashinda. Mwaka 1986 akafungwa miaka 14 kwa mali ya wizi.

McAvoy naye, akiwa ndani, alijaribu kurudisha mgao wake ili apunguziwe kifungo. Wapi! Mzigo ulikuwa umeshayeyuka, kweli kabisa. Kwa maoni yangu, hata wangemfuata kila hatua baada ya kutoka asingekuwa na shimo la kuwaonyesha.

Waliofanya kazi ya maana ni mawakili wa kampuni za bima. Wenyewe hawakufuata mtu, walifuata karatasi: akaunti za benki Uswisi, viwanja na majumba London. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ikamwamuru McAvoy alipe pauni 27,488,299, ikimaanisha akitoka, chochote atakachopata kinaweza kudaiwa.

Alitoka mwaka 2000, akafariki 2023. Sehemu kubwa ya ile dhahabu haikuonekana tena.