Kadi na Daftari

Katika miaka ya 1880, makampuni ya tumbaku ya Marekani yalizoea kutia kadi yenye picha ndani ya pakiti za sigara. Kadi iliikinga pakiti isipondeke, nayo picha ilimvuta mnunuzi arudi dukani kutafuta zilizosalia. Ndivyo ukusanyaji ulivyoenea. Lakini wengi walilimbikiza tu, wasijue zilitolewa ngapi wala mwaka gani.

Aliyeleta utaratibu ni Jefferson Burdick wa mji wa Syracuse, mtu asiye tajiri, ambaye viungo vyake vilidhoofishwa na baridi yabisi. Alizigawa kadi katika mafungu, kila fungu akalitia herufi na namba, na mwaka 1939 akachapisha orodha. Kadi zake pamoja na karatasi nyingine za picha, zaidi ya 300,000, alizikabidhi Metropolitan Museum of Art, New York. Huko alizibandika mwenyewe katika majalada hadi Januari 1963, Machi akafariki. Namba zake zingali zikitumika.

Basi anayeanza leo na achague fungu moja dogo, aandike aliyoipata na anayoikosa. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.