Wimbo kama Tendo: Sarafina! na Mizani ya Tuzo, kwa Mtazamo wa Meru na Embu

Filamu ya muziki Sarafina! (1992), iliyoongozwa na Darrell James Roodt, haikuteuliwa kuwania hata tuzo moja ya Oscar. Makala haya yanadai kwamba tatizo limo katika mizani iliyotumika, na kwamba historia ya Meru na Embu inatupatia mizani nyingine.

Tuanze na kanuni. Tuzo ya Oscar ya wimbo bora hupewa wimbo uliotungwa mahsusi kwa filamu. Nyimbo nyingi za Sarafina!, kazi ya Mbongeni Ngema na Hugh Masekela, zilikwisha kuimbwa jukwaani Johannesburg mwaka 1987, na Broadway kuanzia 1988. Tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni nayo ilitaka mazungumzo ambayo kwa sehemu kubwa si ya Kiingereza, ilhali wanafunzi hawa wa Soweto huzungumza zaidi kwa Kiingereza. Filamu ikakosa mlango mahsusi wa kuingilia. Na ile milango mikuu, iliyokuwa wazi kwa wote, haikufunguliwa.

Lawama ya kifani iliyotolewa ni kwamba ngoma na mateso havipatani: wanafunzi wanacheza, kisha wanapigwa risasi, Sarafina (Leleti Khumalo) anaimba, kisha anateswa kizuizini. Lawama hii inauchukulia wimbo kuwa pambo la hadithi. Je, historia ya Mlima Kenya inakubaliana nayo?

Hasha. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Muthirigu, wimbo wa ngoma uliowakejeli wamishenari na machifu katika mgogoro wa tohara ya wasichana. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika kundi moja, wakabanwa kwa vitambulisho maalumu na kuhamishiwa vijiji vya lazima. Nyimbo za Mau Mau, nyingi zikiwa katika mahadhi ya nyimbo za kanisa, nazo zikapigwa marufuku. Mtawala hapotezi nguvu zake kupiga marufuku pambo. Aliuona wimbo kuwa tendo, sawa na kiapo. Kwa mtazamaji aliyerithi historia hiyo, wimbo unaofuata risasi ni hatua nyingine ya mapambano yale yale.

Hata hivyo, tusiutukuze uasi wa vijana bila kuupima. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipokataza tohara ya wasichana huko Meru, wasichana walitahiriana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani ‘nitajitahiri’. Kufikia 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walikuwa wameshtakiwa. Ulikuwa ukaidi wa kweli dhidi ya amri, lakini jeraha lilibaki katika miili yao. Sarafina! inaujua utata wa namna hii: wanafunzi wanamchoma moto askari mweusi, na Sarafina anabeba mzigo wa tendo hilo hadi mwisho. Hapo ndipo ukomavu wa kimaudhui wa filamu ulipo, na mizani ya tuzo haikuupima.

Kwa kuhitimisha, idara zetu zikiendelea kuisoma filamu ya muziki kama riwaya iliyokatizwa na nyimbo, zitakuwa zimerudia kosa lile lile, tena bila udhuru, maana ushahidi umo katika historia yetu wenyewe.