Kutoka Mahua hadi Josna: Historia ya Ngano Moja ya Kibengali na Hukumu ya Wahakiki

Mwezi wa Juni mwaka 1989 ilianza kuonyeshwa nchini Bangladesh filamu ya Kibengali iitwayo Beder Meye Josna, yaani Josna Binti wa Wabede. Mwelekezi wake alikuwa Tojammel Haque Bokul, na wapenzi wawili walio kitovu cha kisa waliigizwa na Ilias Kanchan na Anju Ghosh. Ni filamu ya mapenzi na mapambano: mna mwana wa mfalme na msichana fukara, mna upanga, mna jemadari na mwanawe mwovu, mna nyoka, zumari na nyimbo nyingi. Kwa miaka mingi baada ya hapo ilihesabiwa kuwa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote katika historia ya sinema ya nchi hiyo. Hata hivyo, wasomi wa mjini, hasa wale waliolelewa katika vyama vya filamu na katika heshima kuu kwa kazi za Satyajit Ray, kwa jumla waliichukulia kuwa burudani ya washamba isiyostahili uhakiki.

Makala haya hayakusudii kuikinga filamu hiyo na kila shutuma. Yapo mapungufu yake tutakayoyataja, na moja kati ya hayo ni zito. Tunachokusudia kuonyesha ni kwamba ngano iliyomo ndani yake ilikuwa imekwisha kupewa hadhi ya fasihi na chuo kikuu miaka 66 kabla, na kwamba jamaa zake wa karibu ndio walioinusuru sinema ya Kibengali katika wakati ambapo wasomi wenyewe walikuwa wameanza kuipa kisogo lugha yao. Ikiwa hoja hizi mbili ni za kweli, basi dharau iliyoipata filamu hii haikutokana na kisa, bali na mahali kiliposimuliwa.

Tuanze na kisa chenyewe. Binti mdogo wa kadhi anaumwa na nyoka. Watu wakidhani amekufa, wanamlaza juu ya chelezo cha migomba na kumwachia mto. Mzee wa Wabede, asiye na mtoto, anamwokota, anampoza sumu na kumlea. Wabede, ni vyema kueleza, ni jamii ya watu wa mashuani katika mito ya Bengali ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa kucheza na nyoka, kuuza dawa na vikorokoro, na kuhama. Wakulima wa nchi kavu huwahitaji na kuwadharau kwa wakati mmoja. Josna anakua akijua kazi ya jamii hiyo. Mwana wa mfalme, Anwar, anamwokoa kutoka mikononi mwa mtoto wa jemadari, na mapenzi yanaanza. Kisha Anwar naye anaumwa na nyoka. Waganga wote wanashindwa. Josna anapiga zumari kwa kuhatarisha uhai wake mpaka sumu inatoka, naye mfalme, aliyekuwa ameahidi kumpa chochote atakachoomba, anageuka na kumfukuza pindi anapomwomba mwanawe. Baada ya misukosuko mingi asili ya Josna inafichuka, na wapenzi wanaunganishwa.

Msomaji yeyote wa fasihi ya Kibengali angelikitambua kisa hiki mara moja. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Calcutta kilichapisha Maimansingha Gitika, mkusanyo wa tenzi simulizi za wilaya ya Mymensingh, ambayo leo iko Bangladesh. Aliyezikusanya vijijini ni Chandra Kumar De, mtu asiye na elimu kubwa ya shule. Aliyezihariri na kuzitolea dibaji ni Dinesh Chandra Sen, mwanahistoria mashuhuri wa fasihi hiyo. Utenzi unaojulikana zaidi kati ya hizo ni Mahua, unaonasibishwa na mtunzi Dwija Kanai. Humra, kiongozi wa Wabede, anamwiba mtoto wa kike wa Brahmini, anamlea na kumfundisha michezo ya kamba na nyoka. Akiwa msichana, Mahua anapendana na Nader Chand, kijana wa ukoo wa kitajiri wa Kibrahmini. Humra anampa kisu chenye sumu ili amuue mpenzi wake. Mahua anakataa, wanatoroka pamoja, wanapita katika hila za wafanyabiashara na watawa wa uongo, na hatimaye Humra anawafumania. Kwa mara ya pili Mahua anapewa kisu. Anajichoma mwenyewe, na Nader Chand anauawa na Wabede.

Mkusanyo huo ulipokewa kwa shangwe. Sen alivutiwa sana na wanawake wa tenzi hizo, wanaojichagulia wapenzi bila kungoja idhini ya baba wala kuhani. Baadaye ulizuka mjadala mkali kuhusu uhalisi wa matini: je, zilikuwa sauti za wakulima au De alikuwa amezikarabati? Msomi wa Kicheki, Dušan Zbavitel, aliandika kitabu kizima mwaka 1963 juu ya suala hilo, akatetea uhalisi wake. Tunautaja mjadala huo kwa sababu moja tu. Wasomi walibishana kwa miongo minne kama utenzi ulikuwa umetoka kweli kinywani mwa watu wa vijijini, kwani hilo ndilo lililoupa thamani. Watu hao hao wa vijijini walipokwenda kukitazama kisa cha binti wa Wabede kwenye sinema, thamani hiyo ikageuzwa kuwa hitilafu.

Sambamba na Mahua upo mkondo mwingine ulio mkongwe zaidi, nao ni wa Behula. Katika tenzi za Manasamangal, ambazo toleo moja maarufu ni la Bijay Gupta wa mwisho wa karne ya 15, mfanyabiashara Chand anakataa kumwabudu Manasa, mungu wa kike wa nyoka. Mwanawe anaumwa na nyoka usiku wa harusi ndani ya chumba cha chuma. Behula, mke wa siku moja, anapanda chelezo pamoja na maiti ya mumewe na kuteremka mto hadi kwa miungu, ambako anacheza ngoma na kurudishiwa uhai wa mume. Katika filamu ya 1989 chelezo ni kile kile na sumu ni ile ile, ila majukumu yamegawanywa upya: mtoto wa kike ndiye anayeelea kama maiti, na ndiye atakayekuja kuwa mponyaji. Wahusika sasa wana majina ya Kiislamu, na kadhi amechukua nafasi ya Brahmini. Hakuna mtu aliyehitaji kuandika tasnifu ili kuuhamisha utamaduni huu kutoka dini moja hadi nyingine. Mto ulikuwa wa wote.

Sasa tugeukie sinema. Filamu ndefu ya kwanza yenye sauti iliyotengenezwa Dhaka, Mukh o Mukhosh ya Abdul Jabbar Khan, ilitoka mwaka 1956, miaka minne baada ya wanafunzi kupigwa risasi mnamo Februari 21, 1952 walipokuwa wakidai Kibengali kiwe lugha ya taifa ya Pakistan. Mwaka 1957 likaundwa shirika la serikali la kuendeleza filamu, kwa mswada uliowasilishwa na Sheikh Mujibur Rahman, wakati huo waziri wa viwanda wa jimbo. Mtu angetarajia kwamba sinema iliyozaliwa katika hali hiyo ingeshikamana na Kibengali kufa na kupona. Haikuwa hivyo. Filamu ya Kiurdu ya Chanda, iliyotengenezwa Dhaka na Ehtesham mwaka 1962, ilifanikiwa katika pande zote mbili za Pakistan, na waelekezi wakaona kwamba Kiurdu kina soko mara mbili. Hata Zahir Raihan, mwandishi wa riwaya aliyeshiriki katika vuguvugu la 1952 na kufungwa kwa ajili hiyo, alitengeneza Sangam mwaka 1964 kwa Kiurdu, filamu ya kwanza ya rangi nchini Pakistan. Hatumlaumu. Msanii hula. Lakini ni muhimu kuona kwamba uzalendo wa lugha ulishindwa na hesabu za tikiti hata kwa mtu wa imani yake.

Kilichoyapindua mambo ni Rupban, ya mwaka 1965. Mwelekezi wake, Salahuddin, alikuwa ametengeneza kabla ya hapo filamu makini za kijamii kama Surjo Snan na Dharapat. Safari hii aliuchukua mchezo wa jatra, tamthilia ya jadi ya vijijini, kuhusu msichana wa miaka 12 anayeozwa kwa mwana wa mfalme mwenye umri wa siku 12 na kulazimika kukaa naye msituni miaka 12, akimlea mumewe kama mtoto. Kwa vigezo vya uhalisia kisa hiki hakisimami hata dakika moja. Lakini watu wa vijijini ambao hawakuwa na mazoea ya sinema walimiminika kuitazama, kwa kuwa waliijua hadithi na walizijua nyimbo. Mwaka uliofuata Zahir Raihan alitengeneza Behula, kwa Kibengali. Zikafuata filamu nyingi za ngano, na waelekezi wengi waliokuwa wamehamia Kiurdu wakarejea. Kwa ufupi, lugha ambayo wasomi waliimwagia damu mwaka 1952 ilipata mhimili wake wa kiuchumi katika sinema kutokana na hadhira isiyosoma, iliyovutwa na kisa ambacho wasomi wale wale walikionea haya. Tunaona kwamba jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika historia za fasihi ya Kibengali.

Inafaa kusema machache juu ya jatra, kwa maana shutuma nyingi dhidi ya filamu hizi zinatokana na kutoielewa. Jatra huchezwa juu ya jukwaa lililozungukwa na watazamaji, hasa katika majira ya baridi baada ya mavuno, na kwa jadi iliweza kuendelea usiku kucha. Fanani aliyezungukwa na maelfu ya watu hawezi kunong'ona. Anapaaza sauti, anatanua ishara za mikono, anaugeukia kila upande. Yumo pia mhusika aitwaye Bibek, yaani Dhamiri, anayeingia katikati ya tendo, akaimba juu ya maana yake na kutoka. Mtazamaji wa Beder Meye Josna anayelalamika kwamba waigizaji wanapiga kelele na kwamba wimbo unakatiza mtiririko wa kisa analalamikia kanuni za utanzu mzima. Sisi wa Idara za Fasihi za Afrika Mashariki tulipaswa kulitambua hilo upesi. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa waraka wao mjini Nairobi mwaka 1968 wakitaka fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo, tumezoea kumtetea mtambaji dhidi ya vigezo vya riwaya ya Ulaya. Lakini mtambaji huyo akiingia katika ukumbi wa sinema, aghalabu nasi humwacha mlangoni.

Baada ya uhuru wa 1971 serikali ya Bangladesh iliendelea kuzuia filamu za Kihindi katika kumbi zake, na katika kivuli cha ukuta huo watengenezaji wa Dhaka walinakili bila haya visa vya Bombay. Beder Meye Josna ilikwenda kinyume: mwaka 1991 ilitengenezwa upya Bengali Magharibi, Anju Ghosh akilirudia jukumu lake pamoja na Chiranjeet Chakraborty. Kolkata, mji uliojiona mwalimu wa Wabengali wote, safari hii ndio ulionakili. Yaliyofuata Dhaka hayakuwa ya kupendeza. Filamu za mapambano za miaka iliyofuata zilizidi kuwa za ukatili, na mtafiti Lotte Hoek ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2014 jinsi vipande vya uchi vilivyopachikwa kwa siri katika maonyesho. Ngano haikuwa na nafasi tena katika soko hilo.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye upungufu mzito tuliouahidi. Katika Mahua, uzawa wa Kibrahmini wa msichana haumsaidii kitu. Ameibwa, ameishi kama Mbede, na anakufa hivyo. Mapenzi ya Nader Chand ni kwa Mbede, naye anauacha ukoo na mali kwa ajili yake. Utenzi hauwapi wenye vyeo njia ya kutokea. Filamu, kinyume chake, inatumia nusu nzima ya muda wake kumdhihirishia mtazamaji kwamba mfalme ni mvunja ahadi na kwamba mwanamke wa mashuani anamzidi utu, kisha mwishoni inamweleza mfalme asihofu: mkwe wake ni binti wa kadhi. Mgogoro wa kitabaka unafutwa kwa cheti cha kuzaliwa. Hili si kosa la jatra, wala la hadhira isiyosoma, kwani hadhira iyo hiyo ndiyo iliyouhifadhi utenzi wa Mahua na mwisho wake wa kisu kwa karne kadhaa bila kuulainisha. Yamkini ni mantiki ya tikiti, inayotaka mtazamaji arudi kesho na jirani yake. Yamkini pia ni ukweli kwamba mwaka 1989 mtazamaji alikuwa na kila sababu ya kutaka, walau gizani kwa saa mbili au tatu, msichana aliyeachiwa mto afike nyumbani.

Suala hili haliwezi kuamuliwa kwa filamu moja. Linahitaji matini ya 1923 na filamu zote mbili, ya Dhaka na ya Kolkata, zisomwe bega kwa bega, pamoja na matoleo ya jatra yaliyochezwa katikati yao na ambayo mengi hayakuandikwa. Mpaka sasa kazi kubwa imefanywa juu ya matini ya kwanza peke yake.